Kubaki Windows 10, kupanda Windows 11 au kuhamia Linux Mint: tulivyozipima dukani Lamu

Maalim mmoja wa madrasa aliingia dukani kwangu baada ya sala ya alasiri, laptopu kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Duka langu ni la kuchapa na kuprinti, kwenye kichochoro cha nyuma ya Mkunguni, na watu hunijia na mashine zao zikiwagomea.

"Masalkheri, Maalim. Kuna nini?"

"Ndoo utazame, binti yangu. Anza imehama, kile kitufe cha Start. Na pa kunakili sipaoni."

Kijana wake anayefanya kazi Malindi alikuja kusherehekea Idi nyumbani, akaipandisha mashine ya babake kutoka Windows 10 hadi Windows 11, kisha akapanda basi akarudi kazini. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini Maalim alikaa siku sita na kitu alichokijua kwa miaka, na sasa hakijui. Mitihani ya madrasa ilikuwa imekaribia na karatasi hazijachapwa.

Nikamwambia bado ana siku. Ukipanda kutoka 10 kwenda 11, mfumo hukuwekea siku 10 za kurudi ulikotoka: unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya mfumo, kisha urejeshaji, na kitufe cha kurudi kipo hapo. Zikipita siku hizo faili za mfumo wa zamani hufutwa na mlango hufungwa. Kwa hiyo tulikuwa na siku nne za kuamua kwa macho makavu, na dukani nina mashine tatu zinazoendesha mifumo mitatu tofauti: Windows 10, Windows 11 na Linux Mint. Nilimkalisha kwenye kila moja afanye kazi ile ile: achape nusu ukurasa kwa Kiswahili na nusu kwa Kiarabu, anakili faili kwenye flashi, kisha aprinti. Yaliyofuata hapa yametokana na siku hizo, pamoja na niliyoyasikia kwa wateja wengine tangu mabadiliko haya yaanze.

Jambo nililolishika mapema ni kwamba mtu hachagui mfumo kwa picha za matangazo. Mikono ina kumbukumbu yake. Anayechapa barua 30 kwa siku anajua kwa vidole pale palipo na kitu, na ukikihamisha kitu hicho shibiri moja tu umemchukulia muda wake. Basi swali langu kwa kila mfumo lilikuwa hili: nini kimehama, kimehamia wapi, na kinaweza kurudishwa?

Kwanza tarehe, kwa sababu zinaamua mengi

Windows 10 ilitoka 29 Julai 2015, na Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haikuzimika siku hiyo. Inawaka, inachapa, inaprinti. Kilichokatika ni viraka vya usalama vya kila mwezi. Upo mpango wa nyongeza kwa watumiaji wa nyumbani unaofika 13 Oktoba 2026: unalipa dola 30 za Marekani, au unaupata bila kulipa ukikubali kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti ya Microsoft. Ni lazima uwe kwenye toleo la mwisho la Windows 10, liitwalo 22H2, na akaunti moja inaweza kuhudumia hadi kompyuta 10.

Wapo wanaosema, "Mimi nina programu ya kupambana na virusi, yanitosha." Haitoshi. Programu hiyo hukamata virusi vinavyojulikana, lakini haizibi ufa uliomo ndani ya mfumo wenyewe. Sisi wa huku flashi hupita mikono kumi kwa wiki, na kwenye kompyuta ya duka watu huandika namba za kitambulisho, PIN ya KRA (ya kodi) na nywila za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Mashine ya namna hiyo isiyopata viraka ni dhamana ya watu iliyoachwa barazani usiku. Hapa sina huruma hata na mteja ninayempenda.

Windows 11 ilitoka 5 Oktoba 2021. Linux Mint ni mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, uliojengwa juu ya Ubuntu, mfumo mwingine wa jamii ya Linux. Familia yake ya toleo la 22 ilianza Julai 2024 na itahudumiwa hadi 2029.

Pembe ya kushoto

Hapa ndipo kelele kubwa ilipo, na nitakaa hapa kidogo.

Tangu Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, kitufe cha Anza kimekuwa kikikaa pembe ya chini kushoto. Windows 10 imekiacha huko. Windows 11 imekileta katikati pamoja na aikoni zote za ule upau wa chini, upau wa kazi. Wanaoupenda mpangilio huo wanasema kwenye skrini pana macho hayasafiri mbali. Ni kweli, kwa macho. Kwa mkono hali ni nyingine.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kwamba muda wa kufikia kitu kwa mkono hutegemea umbali wake na ukubwa wake. Waliobuni sura za kompyuta walichukua somo hilo, wakaona kwamba pembe ya skrini ni mahali pa pekee: mshale ukifika ukingoni husimama. Unausukuma kwa nguvu bila kuutazama, nao hautapita. Ni kama kusukuma mtumbwi hadi ugote kwenye ukuta wa gati, huhitaji kulenga. Kitufe kilicho katikati lazima ukilenge kila mara. Na kuna jambo jingine ambalo wengi hawaligundui mpaka waambiwe: Windows 11 ikipanga aikoni katikati, kila programu mpya unayoifungua husukuma safu nzima, na Anza inasogea kushoto kidogo. Kwa hiyo Maalim aliposema Anza imehama, alikuwa amesema kweli zaidi ya alivyodhani. Ilikuwa ikihama kila saa.

Dawa ipo na ni ya dakika moja. Bofya kulia kwenye upau, ingia mipangilio yake, fungua sehemu ya tabia za upau, mpangilio uuweke kushoto. Anza inarudi pembeni. Nilipomfanyia hivyo Maalim alishusha pumzi.

Kuna yasiyorudi kwa urahisi hivyo. Katika Windows 10 upau wa kazi unaweza kuuweka chini, juu, kulia au kushoto. Windows 11 ilipotoka iliukaza chini, bila njia ya kuuhamisha katika mipangilio. Kwa wengi si kitu. Lakini nina mteja mchoraji ramani za nyumba, anayeshughulika na matengenezo ya majumba ya mji wa kale, na yeye miaka yote huuweka upau ubavuni ili michoro yake mirefu ipate nafasi. Kwake ilikuwa ni kunyang'anywa meza.

Na majina ya madirisha je? Windows 10 inakuruhusu kila dirisha lililo wazi lionekane kwenye upau na jina lake, kwa mfano "Mtihani Fiqh" na "Mtihani Sira", kila moja peke yake. Windows 11 iliyatupa yote chini ya aikoni moja isiyo na jina, na watu walilalamika kwa miaka miwili hadi chaguo hilo likarudishwa mwaka 2023. Kuburuta faili na kuliangusha juu ya aikoni ya programu pia kuliondolewa, kukarudishwa mwaka 2022. Nayataja haya kwa sababu ukisikia mtu akiilaani Windows 11, muulize aliitumia lini. Iliyotoka 2021 na iliyopo sasa haziko sawa, na nusu ya lawama ni za ile ya kwanza.

Malalamiko ya watumiaji, kwa kweli, yamekuwa na nguvu kila mara. Windows 8 ya mwaka 2012 ilikifuta kabisa kitufe cha Anza. Mwaka mmoja baadaye toleo la 8.1 likakirudisha, na menyu yenyewe ikarudi na Windows 10. Upande wa Linux ilikuwa vivyo hivyo: mwaka 2011 sura mashuhuri iitwayo GNOME ilibadilishwa kiasi kwamba watu hawakuitambua, na watengenezaji wa Mint wakaamua kujenga ya kwao yenye menyu pembeni na upau chini. Wakaiita Cinnamon, na ndiyo inayokuja na Mint hadi leo. Ukiifungua kwa mara ya kwanza, mkono unajua pa kwenda. Menyu iko kushoto, saa iko kulia, na upau wake unaweza kuuweka upande wowote kati ya minne.

Maalim alipoketi mbele ya Mint, hakuuliza Anza iko wapi. Alikwenda moja kwa moja.

Menyu ya kubofya kulia

Katika kazi ya duka hii ndiyo menyu inayofunguliwa kuliko zote, na hapa Windows 10 na 11 zimeachana sana.

Ya Windows 10 ni ndefu. Kila programu uliyoweka imechomeka neno lake humo, na kompyuta ya miaka mitano hukuletea orodha ndefu kama ya karamu ya harusi. Lakini kila kitu kimeandikwa kwa maneno, na kata, nakili, bandika viko mahali pao.

Windows 11 imeifupisha. Kata, nakili, bandika na badilisha jina vimegeuzwa picha ndogo kwenye mstari mmoja, na katika toleo la mwaka 2024, liitwalo 24H2, vikatiwa majina chini yake. Mstari huo huwa juu ya menyu, lakini ukibofya karibu na chini ya skrini huja chini. Ndiyo sababu Maalim hakuona pa kunakili: alikuwa akisoma katikati ya orodha, palipokuwa zamani. Mengine yaliyobaki yamefichwa nyuma ya mstari ulioandikwa Show more options. Humo ndimo ilimozikwa njia ambayo karibu kila mtu wa Lamu aliyefunzwa kompyuta anaitumia kupeleka faili kwenye flashi, ile ya Send to. Zamani ilikuwa bofya kulia, chagua, basi. Sasa kuna mlango wa ziada.

Njia za kupunguza uchungu zipo. Ukishikilia Shift huku ukibofya kulia, menyu ndefu ya zamani hufunguka moja kwa moja. Na anayezoea Ctrl+C na Ctrl+V hatajali menyu kabisa. Nimewafunza vijana wa sekondari wanaokuja kufanya maombi ya vyuo, wakashika siku hiyo hiyo. Watu wazima wengine hawataki vitufe viwili kwa pamoja, na siwalazimishi. Mzee anayebonyeza Ctrl kwa kidole cha shahada cha mkono mmoja na C kwa cha mkono wa pili amekwisha kujibu swali kuhusu menyu ipi inamfaa.

Mint haina hadithi hapa. Menyu yake ni orodha moja ya maneno, fupi kuliko ya Windows 10, na kata, nakili, bandika hazijafichwa.

Kabati la mafaili

Baada ya kuilaumu Windows 11 kwa menyu, haki inataka niseme hili: dirisha lake la mafaili limenirahisishia kazi. Tangu mwishoni mwa 2022 lina vichupo kama vya kivinjari. Kichupo kimoja flashi ya mteja, cha pili folda yake, cha tatu skani za siku hiyo, vyote ndani ya dirisha moja. Windows 10 inakulazimu kufungua madirisha matatu na kuyatafuta moja moja. Mint pia ina vichupo.

Na ukipeleka mshale juu ya kitufe cha kutanua dirisha, Windows 11 inakuonyesha namna za kugawa skrini: nusu kwa nusu, theluthi, robo. Kitambulisho kilichoskaniwa upande mmoja, fomu ya kujaza upande mwingine. Windows 10 inagawa kwa kuburuta dirisha hadi ukingoni, na Mint vilevile, lakini hazikuonyeshi ramani. Kwa kazi ya kujaza fomu za watu mchana kutwa, hili peke yake linanifanya niikalie mashine yangu ya Windows 11 kuliko zile nyingine mbili.

Jambo dogo lakini limewashitua wengi: toleo la 24H2 limeondoa WordPad. Wapo waliokuwa wakiandika barua zao humo kwa sababu hawana Office ya kulipia. Faili zao hazikupotea, ila waweke LibreOffice, ambayo ni bure, kabla ya kupanda.

Ncha za madirisha kuwa mviringo, rangi laini na aikoni mpya ni suala la jicho la mtu. Siku tatu zikipita hutaziona tena.

Pembe ya kulia, na Kiarabu

Windows 10 inaweka Wi-Fi, sauti na betri kila kimoja na mlango wake. Windows 11 imeviunganisha: ukibofya chochote kati ya hivyo hufunguka kisanduku kimoja chenye vyote, na ili kuona orodha ya Wi-Fi unabofya mshale mdogo ulio kando ya alama yake. Ni hatua moja zaidi. Wageni wa nyumba za kulala Shela wanaouliza nywila ya Wi-Fi hawalioni tatizo, lakini Maalim alilizima Wi-Fi mara tatu kabla hajauona ule mshale.

Kwa Kiarabu nilidhani kutakuwa na tofauti kubwa. Haikuwapo. Windows zote mbili hubadili lugha kwa kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi, na alama ya lugha iliyopo inaonekana kando ya saa. Mint unaongeza mpangilio wa kibodi kwenye mipangilio, na alama yake hukaa kwenye upau vilevile. Anayeandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika barua na tenzi, akumbuke kwamba kibodi ya kawaida ya Kiarabu haina herufi za pe na che. Ongeza mpangilio wa Kiajemi kwenye mfumo wowote kati ya mitatu na utazipata.

Kilicholeta shida ni karatasi yenyewe. Mtihani wa Maalim ulichapwa kwenye Word kwa fonti za Microsoft. Tulipoufungua kwenye LibreOffice ndani ya Mint, fonti hizo hazikuwapo, mbadala zikachukua nafasi, na kurasa mbili zikamwagika hadi ya tatu. Kazi mpya unayoianza humo humo hutoka vizuri. Kazi ya zamani yenye mpangilio wa kubana itakudai marekebisho. Maalim ana mitihani ya miaka minane.

Mashine yako inakubali nini?

Pengine ningeanza na hili, maana kwa wengi linamaliza mjadala. Windows 11 inataka RAM ya GB 4 kwenda juu, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel maana yake, karibu zote, ni kizazi cha 8 kwenda mbele. Isome namba: i5-6300U ni kizazi cha 6, haiingii. i5-8350U ni cha 8, inaingia. i5-10210U ni cha 10. Kwa laptopu za mtumba zilizojaa Pwani, HP EliteBook 840 G3 ina kizazi cha 6, na nyingi za 840 G5 zina cha 8. Microsoft pia wana programu ndogo ya bure, PC Health Check, inayokupa jibu bila ya wewe kusoma namba.

Mimi niliumwa na hili. Nilinunua laptopu ya mtumba kwa muuzaji aliyeniapia kwamba 11 inaingia, na kweli ilikuwa imo. Nilipofika nyumbani na kuitazama prosesa ilikuwa ya kizazi cha 7; 11 iliingizwa kwa kuruka ukaguzi. Microsoft husema wazi kwamba mashine ya namna hiyo haina haki ya kupata masasisho. Nililipa bei ya mashine mpya zaidi kwa mashine isiyo na uhakika wa kesho. Tangu hapo, kabla sijatoa senti, nabofya kulia kitufe cha Anza, nafungua System na kusoma namba mwenyewe.

Angalia pia diski. Windows 11 juu ya diski ya zamani inayozunguka ni mateso hata kama prosesa inafaa. Weka SSD kwanza, diski ya kasi isiyozunguka. Na kumbuka bando: kupanda hadi 11 kunataka GB kadhaa za kupakua, Mint karibu GB 3. Umeme wa kisiwani ukikatika katikati ya kupanda bila betri nzima, utajuta. Ukitumia simu kama chanzo cha intaneti, iambie Windows kwamba mtandao huo hulipiwa kwa kipimo, isije ikala bando lako kwa masasisho usiyoyajua. Windows zote mbili zina kitufe hicho. Mint ni mstaarabu zaidi hapa: inakuonyesha orodha ya masasisho na kusubiri uamue.

Jambo la mwisho kwa wazee: mashine mpya ya Windows 11 toleo la Home inataka intaneti na akaunti ya Microsoft siku ya kuianzisha. Mtu asiye na barua pepe atengenezewe na mtu wa nyumbani kwake, si na mtu wa duka, mimi nikiwemo. Ufunguo wa nyumba haukai kwa jirani.

Nani achukue nini

Ikiwa mashine yako ni ya kizazi cha 8 kwenda juu na ina SSD, panda Windows 11. Tenga asubuhi moja: Anza irudishe kushoto, majina ya madirisha yarudishe, na menyu ya Anza iondolee programu usizozitumia. Masasisho ya mwishoni mwa 2025 yameleta menyu ya Anza mpya inayokuonyesha programu zako zote kwenye ukurasa mmoja na kukuruhusu kuificha ile sehemu ya mapendekezo iliyowaudhi wengi. Ukishafanya hayo, kinachobaki kuwa kigeni ni menyu ya kubofya kulia, na hiyo ina Shift.

Ikiwa mashine ni ya zamani na kazi zako ni kivinjari, barua pepe, hesabu za kawaida na barua, sitakuambia ununue nyingine. Weka Mint. Nina mteja mwenye nyumba ya wageni, bukingi zake zote ziko kwenye kivinjari. EliteBook yake ya kizazi cha 6 iliyokuwa ikikokota Windows sasa inafunguka kabla chai haijapoa. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, ujue Wi-Fi na printa yako zinaitika. Printa nyingi za HP huitika vizuri. Ukiwa na ya aina nyingine, siku ya majaribio ndiyo ya kujua. Mwenye RAM ya GB 2 achukue Mint yenye sura iitwayo Xfce badala ya Cinnamon, ni nyepesi zaidi.

Ikiwa mashine ni ya zamani na imefungwa kwenye programu ya Windows isiyo na mbadala, kama yule mchoraji na AutoCAD yake, au jedwali za Excel zenye makro ambazo LibreOffice huenda isiziendeshe zote, kaa Windows 10, jiandikishe kwenye mpango wa nyongeza, na anza kuweka akiba ya mashine nyingine. Mimi mwenyewe nina moja ya hivyo dukani, imefungamana na skana ya zamani. Sijaiacha itumike kwa kazi za eCitizen wala za pesa.

Wapo watakaouliza kuhusu kurudi nyuma, kama Maalim alivyouliza siku ya kwanza. Kurudi Windows 10 kwa sababu ya sura tu, kwenye mashine inayoikubali 11, siwashauri. Utapata raha ya miezi michache kisha ufanye safari ile ile tena.

Maalim alikuja siku ya tisa. Alikuwa amelala na jambo lile usiku tatu, akasema. Mint ilimpendeza kwa sura, lakini mitihani ya miaka minane ilimrudisha nyuma, na hakutaka kuipanga upya ukurasa kwa ukurasa. Atabaki na 11, mradi Anza isiondoke tena pembeni. Laptopu ya mjukuu wake wa kike, ya kizazi cha 6, ndiyo tukaiwekea Mint.

Akaniomba nimchapie kwa herufi kubwa mistari mitatu: Shift na kubofya kulia kwa menyu ya zamani, Windows na nafasi kwa Kiarabu, na pale pa kubofya kuona orodha ya Wi-Fi. Nikaongeza cha nne, namna ya kufungua kichupo kipya kwenye mafaili, Ctrl na T. Aliibandika karatasi ndani ya kifuniko cha mkoba wa laptopu. Kisha akakaa kwenye meza ya dirishani, akafungua kichupo cha flashi kando ya kile cha madrasa, akaburuta faili lake la Fiqh mwenyewe, na tukaprinti nakala 40 kabla ya magharibi.